Maswali ya wafumaji: akriliki haigeuki felti

Swali: Nimefuma mkoba, nikauchemsha mara tatu ili uwe felti (kitambaa kizito kilichoshikana), lakini haujashikana wala kupungua. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mbeya)

Hukukosea jikoni, ulikosea dukani. Swali hili halikomi kuletwa, na jibu halijabadilika: huo uzi ni akriliki. Wauzaji wengi huita sufu kila uzi mnene. Sufu halisi ni manyoya ya kondoo, na kila unyoya una magamba madogo. Maji ya moto na sabuni huyafungua, msuguano huyanasisha, basi hayaachani tena. Hiyo ndiyo felti. Akriliki ni plastiki, haina magamba, na ukiichemsha inalegea tu.

Omba kipande cha sentimita 10 kabla ya kulipa. Kishike kwa koleo juu ya beseni la maji, ukiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huelekea kuzimika yenyewe, na majivu yake husagika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usishike kwa vidole, matone yake huganda kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Tena soma kibandiko: sufu iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine hupita jaribio hili lakini haishikani, kwa sababu magamba yake yameondolewa au yamefunikwa.

Swali: Kondoo wa kijijini kwetu je, tutumie manyoya yao? (Msomaji, Narok)

Kama ni kondoo wekundu wa Kimaasai, hapana. Wale wana nywele, hawana sufu ya kufuma. Tafuta sufu ya Merino au Corriedale, wanaofugwa nyanda za juu za Kenya. Ukiiosha, iloweke tu kwenye maji ya moto yenye sabuni. Ukiisugua, itashikana ndani ya beseni kabla hujaisokota.

Swali: Nifume kofia kubwa kiasi gani ili initoshe baada ya kushikana? (Msomaji, Iringa)

Hakuna kipimo cha kuazima kwa jirani. Uzi wako ndio utakaokupa jibu, na ndiyo maana huwa nasisitiza kipande cha majaribio ingawa wengi hukiruka. Kama kibandiko kinataka sindano ya milimita 5, chukua ya 8, maana vitanzi vikibanana sufu haina nafasi ya kusogea. Fuma mraba wa sentimita 20 kwa 20, ushikanishe, upime. Tuseme umebaki 15 kwa upana na 13 kwa urefu (urefu kwa kawaida hupungua zaidi). Unataka mzunguko wa 56? Zidisha kwa 20, gawanya kwa 15: fuma 75. Unataka kina cha 20? Zidisha kwa 20, gawanya kwa 13: fuma 31.

Kushikanisha kwenyewe: maji ya moto kadiri glavu zitakavyokuruhusu, sabuni ya mche iliyokwanguliwa kidogo, kisha sugua pande zote kwa usawa. Kagua kila dakika tano. Vitanzi visipoonekana tena, acha, maana felti iliyopitiliza hairudi. Suuza kwa maji baridi, kamua kwa taulo bila kusokota, valisha bakuli lenye mzunguko wa kichwa chako, ukaushe kivulini.

Swali: Skafu yangu ya akriliki inajikunja kingoni. Niipige pasi?

Usithubutu, italala bapa na haitainuka tena. Inajikunja kwa sababu upande mmoja wote ni vitanzi vya mbele (laini, kama V) na mwingine vya nyuma (vyenye vinundu), navyo havivutani sawa. Fumua, uanze upya, na vitanzi vinne vya kila ukingo vifume vya mbele katika kila mstari, kwenda na kurudi.

Swali: Uzi umeniishia. Rangi ileile nitaipata duka jingine?

Linganisha namba ya loti (kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja) kwenye kibandiko. Zikitofautiana, mstari utaonekana.

Swali: Kofia ya kichanga nifunge kwa kamba au kifungo?

Vyote viwili hapana. Kamba humkaba, kifungo hung'oka kikamezwa. Anza na sentimita 3 za vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma. Mvutano wake unatosha kuishika. Na akilala, mvue.