Msiombe trekta: ushauri kwa wakulima wenzangu wa kandokando ya Lubumbashi

Mkulima wa kwetu akipata nafasi ya kusimama mbele ya kiongozi, ombi la kwanza ni trekta, la pili mbolea, la tatu ni "mtusaidie". Nimekaa kwenye mikutano hiyo kwa miaka, nikiwa mama wa shamba, mwenye mashine ya kusaga, na mwenyekiti wa koperative ndogo ya mahindi na mboga upande wa komini ya Annexe, hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Trekta nimeziona zikija. Zinapigwa picha, zinalima msimu mmoja au miwili, kisha kifaa kimoja kinakatika na hakuna anayejua pa kukipata. Serikali iliyo karibu nasi, yaani mkoa, mji, komini, na kule vijijini sekta na sheferi (eneo la chifu), inaweza kutufaa sana, ila si kwa kugawa vitu. Inatufaa inapofungua njia na inaponunua. Na kama sisi wenyewe hatuombi hivyo, hakuna atakayeomba kwa niaba yetu.

Mji wetu haukuzaliwa kwa ajili ya kilimo. Reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910 ilifuata shaba, na miaka iliyofuata unga wa kulisha wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière ulipanda reli hiyohiyo kutoka Rhodesia. Zaidi ya miaka mia imepita na macho yetu bado yako Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia ikipigwa na ukame kama ule wa 2024, bukari (ugali wetu) inapanda bei Katuba na Kenya, komini za mjini kwetu. Mwaka huohuo, mwezi wa nane, mpaka ulifungwa siku chache kwa ugomvi uliotokana na zuio letu la kuingiza bia na vinywaji baridi, na watu wakaanza kuulizana unga umebaki kiasi gani. Gavana yeyote atakayekaa hapa, wa chama chochote, anaogopa mfuko wa kilo 25 kumshinda mtu wa mshahara. Hofu hiyo ndiyo inayoendesha siasa ya chakula ya mkoa. Bei ikipanda, dawa ya haraka ni kuleta unga wa nje.

Siwalaumu. Mimi nasaga, namwona mama anayekuja na pesa ya meka (kopo la kupimia) moja tu. Ninachogombana nacho ni tarehe. Sisi tunapanda Novemba na Desemba mvua zikishashika, tunavuna Aprili na Mei. Januari na Februari depo ni tupu: mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi. Unga wa nje ukiingia wakati huo unaokoa watu na haumdhuru mkulima, maana hana cha kuuza. Unga uleule ukicheleweshwa na karatasi na malori ukafika Mei, unakuta mahindi yetu yanatafuta mnunuzi. Bei inaanguka. Mkulima anauza kwa hasara alipe deni la mbegu, na mwaka unaofuata analima nusu ya shamba, nusu nyingine anaikata miti na kuchoma makala (mkaa). Kisha mkoa unashangaa kwamba mahindi ni haba, unaagiza mengi zaidi. Kwa hiyo mkipata dakika mbili na waziri wa kilimo wa mkoa, msimwombe akataze unga wa nje, hatakubali na mji utawachukia. Mwombeni apange miezi, aitangaze mapema, na aishike.

Sasa pesa. Katiba ya 2006 iliupa mkoa mamlaka juu ya programu zake za kilimo, na sheria ya 2008 ikaufanya mji, komini, sekta na sheferi kuwa na bajeti zao wenyewe. Kwa miaka mingi mamlaka hayo yalikuwa na sanduku tupu. Kilichobadilisha mambo upande wetu ni kanuni ya madini ya Machi 2018. Mrabaha wa migodi unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mgodi, pamoja na daftari la masharti ambalo kampuni inasaini na jamii hizo.

Ile 15 ndiyo ya kukazia macho. Sheferi ambayo zamani ilikuwa ikikopa karatasi za barua leo inaweza kupokea pesa nyingi kuliko komini ya mjini. Zipo zilizojenga shule na visima, lazima niseme hivyo. Zipo pia ambazo ukiuliza unaonyeshwa gari la mkubwa. Kabla ya kupanga foleni kwa gavana, jueni kwanza shamba lenu liko chini ya nani. Wanachama wetu wako pande mbili: wengine komini, wengine sheferi. Barua ya barabara tuliipeleka sheferi, maana ndiko mgodi uliko, na ya meza za soko tukaipeleka komini. Barua mbili fupi zilijibiwa. Najua vikundi vilivyoandika kurasa nyingi kwa ofisi isiyo na uwezo juu ya jambo lao, na bado vinasubiri.

Mimi barabara naiweka mbele ya kila kitu. Sisemi lami. Barabara ya udongo inakufa kwa sababu maji hayana pa kupita, na dawa yake ni mitaro. Nchi hii ina kamati za wenyeji za kutunza barabara, wengi wanaziita CLER: watu wa kijiji wenye majembe, sepetu na toroli, wanaolipwa kwa kufungua mitaro na kuziba mashimo yangali madogo. Wanaweka pia kizuizi cha mvua, mti unaoshushwa ili malori yasubiri saa chache udongo ukauke. (Mti huo ni wa kusubiria, si wa kukusanyia pesa. Waambieni vijana wenu.) Nimeona kipande kilichotunzwa kwa mikono kikipitika Februari, na cha jirani kilichochongwa kwa mashine kubwa, na sherehe juu, kikigeuka mto kabla ya Noeli. Mvua zikikolea, bei ya kubeba mfuko hadi mjini karibu inaongezeka maradufu, na anayeibeba tofauti hiyo ni mkulima. Kwa hiyo msiulize "mtatutengenezea lini?" Ulizeni nani atalipwa kufungua mitaro kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, na pesa yake iko mstari gani wa bajeti. Swali la namna hiyo linamfanya karani afungue daftari.

Tukiwa bado barabarani, kuna bariere, vile vizuizi vya njiani vya kutoza pesa. Kila mtu analalamika, na malalamiko matupu hayaondoi hata kamba moja. Sisi tuligawa madaftari kwa wanachama na kwa madereva wanaotubebea. Kila malipo yaliandikwa: mahali, aliyepokea amevaa nini, kiasi, na kama alitoa risiti. Msimu ulipokwisha tuliketi na mbunge mmoja wa mkoa tukalinganisha na orodha ya kodi zilizopigiwa kura. Baadhi ya tuliyolipa hayakuwepo kwenye karatasi yoyote. Mengine yalikuwepo, ila tulilipishwa mara mbili, mara njiani na mara ya pili pa kuingilia mji. Hatukushinda kila kitu. Bariere moja iliondoka, nyingine ilisogea mbele kidogo ikawa inafanya kazi usiku. Lakini sokoni komini ilitundika ubao wa bei ya meza, na tangu hapo mama muuza lengalenga (mchicha) anayedaiwa zaidi ananyoosha kidole kwenye ubao badala ya kupiga kelele.

Majirani wetu Tanzania walifanya jambo ambalo nawaza kila nikipita bariere. Mwaka 2017 walipunguza ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na wakamsamehe kabisa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Anayeguswa hapo ni mtu wa baiskeli, wa pikipiki, wa kigari kidogo, yule ambaye bariere inamla zaidi kuliko wote. Bunge la mkoa wetu halihitaji mtaalamu kutoka nje kuandika kitu kama hicho.

Kununua ndiko kungetubadilishia maisha, na ndiko ninakoona uvivu mkubwa. Brazil, kwa sheria ya 2009, iliamua kwamba angalau asilimia 30 ya pesa za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa familia. Mkulima wa kule anajua kabla ya kupanda kwamba kuna mnunuzi. Sisi hatuna jiko katika kila shule, sawa. Lakini mkoa una hospitali, una magereza na kambi, na juu ya yote una migodi yenye maelfu ya watu wanaokula kila siku. Hapo kuna sheria ambayo wengi wetu tunaipita tu: ya Februari 2017 kuhusu kazi ambazo kampuni kubwa inazitoa kwa kampuni nyingine izifanye kwa niaba yake, inayosema kazi hizo ni za kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Kupika kwa ajili ya mgodi ni kazi ya namna hiyo. Vizuri. Lakini kampuni ya upishi inaweza kuwa ya Mkongomani halali, na nyanya zake zote zikavuka mpaka. Sheria inaangalia mwenye kampuni, haiangalii shamba. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwenye daftari la masharti, kwa kuandika kwamba sehemu fulani ya mboga, mayai na unga itanunuliwa katika sekta zinazozunguka mgodi. Daftari hilo linajadiliwa na jamii, na viongozi wa mitaa wanakaa mezani. Mkulima asipokuwemo kwenye chumba hicho, wataandika zahanati na uwanja wa mpira, na watakuwa hawajakosea.

Nawaonya tu kwamba kuuza huko si lelemama. Tulijaribu na mpishi mmoja wa mgodi. Alitaka nyanya za ukubwa mmoja, kila wiki, hata mvua ikinyesha. Alitaka ankara yenye namba ya kodi. Na alilipa baada ya miezi miwili. Mama aliyemuuzia anataka pesa jioni ileile, mtoto wake karudishwa shuleni. Namba ya kodi si tatizo kubwa: tangu nchi yetu iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, watu watano wanatosha kusajili koperative ya aina iliyorahisishwa. Ile miezi miwili ndiyo inayoua. Hapo ndipo napenda kuona sehemu ya 25 ya mkoa ikifanya kazi: mfuko mdogo unaomlipa mkulima akikabidhi mzigo, kisha unamdai mnunuzi mkubwa baadaye. Nimelisema mara nyingi kwenye mikutano. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanarudi kwenye trekta.

Kuna pia ugonjwa wa kupenda vikubwa. Bukanga Lonzo, mradi mkubwa wa kilimo wa serikali kuu, ilizinduliwa mwaka 2014 kwenye makumi ya maelfu ya hekta, na kufikia 2017 ilikuwa imesimama, kesi zake zikafika mahakamani. Hapa kwetu, wakati Katanga ilikuwa bado mkoa mmoja, gavana Moïse Katumbi alizitaka kampuni za migodi zilime hekta 500 kila moja. Nia ilikuwa njema na mahindi yalionekana. Lakini mgodi ukilima wenyewe, ukichoka unaacha, na mkulima wa jirani hajajifunza kitu wala hajauza kitu. Ningependa mgodi huo utie saini ya kununua mavuno ya hekta 500 za watu.

Jambo la mwisho ninalowasukumia wenzangu wa mboga ni udongo. Wengi tunalima mabondeni kiangazi, tukimwagilia maji ya mito inayopita karibu na viwanda na mitaa iliyopokea moshi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa miongo. Kitivo cha kilimo cha Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) kimechunguza shaba, kadmiamu na risasi katika udongo wa kandokando ya mji, na matokeo ya sehemu nyingine hayapendezi. Ombeni mji ulipie vipimo. Mnaogopa mtaambiwa mhame, naelewa, kwa hiyo barua hiyohiyo iseme kwamba atakayekutwa na udongo mbaya apewe kiwanja kingine. Mwenye udongo safi naye atapata karatasi ambayo hoteli na wapishi wa migodi wataitaka.

Kuhusu wakati: bajeti ya mkoa inajadiliwa miezi mitatu ya mwisho ya mwaka, hivyo barua iwe imefika mwezi wa saba au wa nane, ukurasa mmoja, yenye vitu vichache na bei zake, nakala moja kwa mtawala wa teritwari na moja kwa mbunge wa mkoa. Nakala inayobaki kwenu iwe na muhuri wa kupokelewa. Karani akisema atagonga kesho, mngojeeni hapohapo. Ya kwetu mwaka huu ina mambo mawili: mabomba ya saruji ya kupitisha kijito chini ya barabara, na mizani iliyokaguliwa ya kuwekwa kwenye depo, ili mnunuzi asije na debe lake lililotunishwa tumbo. Mabomba wameyakubali. Mizani bado wanaulizana ni kazi ya ofisi gani.