Ukiomba ruzuku ya kupima msitu kwa leza, anza na swali la mhifadhi

Andiko letu la kwanza la kuomba fedha za kupima sehemu ya hifadhi ya Shimba Hills, msitu wa vilimani huko Kwale nchini Kenya, kwa miali ya leza lilikataliwa, na leo nakiri kwamba mfadhili alikuwa na haki. Tulijaza kurasa sita kwa sifa za kifaa na za droni itakayokibeba, wala hatukusema popote ni uamuzi gani wa hifadhi ungebadilika baada ya ramani kupatikana. Baadaye nilivuka feri nikaenda Kwale kumwonyesha mhifadhi mmoja sampuli ya ramani ya namna hiyo, yenye rangi za kupendeza. Aliitazama kwa utulivu, kisha akauliza, "Ndugu yangu, makorongo yanayotia tope kwenye chemchemi nitayaonaje humu?" Andiko la pili tulilianza na swali hilo, nalo likakubaliwa.

Swali hilo leza inaweza kulijibu, na picha ya kawaida ya angani haiwezi, kwa kuwa kamera huona vilele vya miti tu. Kifaa cha leza hurusha maelfu ya miali kwa sekunde. Mingine hugonga majani, mingine hupenya kwenye nafasi zilizo kati yake ikafika chini, na kwa kupima muda ambao kila mwali umetumia kwenda na kurudi hujulikana umbali wake. Kimo cha ardhi kikitolewa katika kimo cha vilele, hupatikana urefu wa miti. Miti yenyewe ikiondolewa katika hesabu, hubaki ardhi tupu, na hapo makorongo, mikondo ya maji na hata njia za ndovu hujitokeza. Kwetu Mombasa haya si mambo ya mbali, maana sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Marere, ndani ya vilima hivyohivyo. Liandike jambo hilo katika ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, tumia kilicho cha bure. Kifaa cha Marekani kiitwacho GEDI, kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2018, kimepima misitu ya ukanda wetu kwa leza, na takwimu zake hazilipiwi. Kila kipimo chake hufunika duara la kipenyo cha mita 25 hivi, tena vipimo vyenyewe vimeachana, kwa hiyo hakitakuonyesha korongo jembamba. Lakini kinatosha kumthibitishia mfadhili kwamba umeanza kazi na unajua pengo liko wapi.

Katika bajeti ndiko nilikoona vikundi vingi vikijikwaa, chetu kikiwamo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992 chini ya usimamizi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka mingi ulikuwa na kikomo cha dola 50,000 kwa mradi, na hifadhi nzima ina karibu kilomita za mraba 200. Usiahidi kuipima yote. Chagua bonde moja la maji, ulipime vizuri, na utenge fedha za kazi ya ardhini, kwa sababu makadirio ya mbao na kaboni yanayotokana na leza hayana uzito bila watu wa kuzungusha kanda ya kupimia kwenye shina la mbambakofi, mita 1.3 kutoka ardhini, na kuandika kipimo daftarini, mti baada ya mti. Sisi kazi hiyo tuliitengea siku nne. Ilitaka wiki tatu. Hatukukumbuka pia mahali pa kuhifadhi takwimu. Droni inayoruka chini hukusanya mamia ya nukta za vipimo kwa kila mita ya mraba, na kompyuta ya ofisi yetu ilishindwa hata kufungua faili la kwanza.

Kalenda nayo iandike kwa kufuata pepo. Fedha zetu ziliingia mwezi Mei, katikati ya masika, kusi ikiwa imeshashika, na asubuhi ukungu ulitanda vilimani. Leza haipiti vyema kwenye mvua wala ukungu, na droni ndogo husukwasukwa na upepo. Tulingoja hadi kaskazi, mwezi Januari, huku mfadhili akidai ripoti. Omba muda wa miezi 18, si 12, na anza mapema kutafuta kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwani kimoja hakisimami badala ya kingine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya pwani. Baadhi ya misitu ya kaya za Wamijikenda imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na leza inayoonyesha korongo ndiyo hiyohiyo inayofichua makaburi na mahali pa matambiko. Eneo lako likigusa kaya, nenda ukawaone kabla ya andiko kutumwa, uwaeleze kitakachoonekana, na mwandikiane ni sehemu zipi zitafutwa kwenye ramani ya umma. Katika mkutano wetu mzee mmoja aliomba karatasi, akachora duara kwa mkono wake, akasema ndani ya duara hilo pasionyeshwe kitu. Mchoro ule tuliuambatisha kwenye andiko kama ulivyo.