Barua za zamani zimeota ukungu

SWALI: Chama chetu cha historia hapa Pangani kimepewa na familia za mjini barua za hati ya Kiarabu. Tuliziweka kabatini ndani ya mifuko ya nailoni. Sasa zina ukungu na wadudu. Tufanyeje? – Katibu

JIBU: Ndugu Katibu, nailoni ndiyo iliyowaponza: hufungia unyevu ndani. Zitoeni, zianikeni kivulini penye upepo. Jua hupausha wino. Ukungu ukishakauka kama vumbi, ufagieni nje kwa brashi laini, mkivaa barakoa.

Wadudu waueni kwa baridi, si kwa dawa ya kupuliza. Barua zikishakauka kabisa, zifungeni vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, kwa muda huu tu, mziweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Mkizitoa, msifungue mfuko kabla ya saa 24, la sivyo zitaloa jasho.

Kisha namba ya kila barua iandikwe kwa penseli laini, nyuma pembeni: 2025.3.7, yaani mwaka, mtoaji wa 3, kitu cha 7. Wino hupenya. Selotepu, tafadhali sana, kamwe! Kwenye daftari la vitu mlivyopokea, mtoaji atie sahihi kama ametoa au ameazimisha tu. Wajukuu wakija kudai, hapo ndipo vyama vingi hugombana.

Kabati lisigusane na ukuta, na rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, kwa sababu ya mchwa.