Amplifaya ya valvu kwa kazi za mgahawani: wati 5 au 15?

Vijana wanaopiga gitaa hapa Moshi huniuliza swali hilohilo: kwa kazi za mgahawani na bustani za hoteli, ambako hutakiwi kupiga kelele, nichukue amplifaya ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa taa za kioo, ya wati ngapi? Wengi huja na jibu lao tayari. Wameangalia video za Wamarekani, wameambiwa wati 5, hata wati 1, ili uifungulie mpaka mwisho bila kumsumbua mtu. Mimi nasema chukua wati 12 hadi 15.

Yule wa kwenye video anapiga bluzi au roki. Anataka valvu izidiwe, sauti ikwaruze, na anataka mkwaruzo huo apate bila jirani kuamka. Kwake wati 5 ni sawa kabisa. Sisi usiku mmoja tunaanza na rumba ya taratibu watu wakila, tunaingia zilipendwa, mwenye sherehe anaomba wimbo wa injili, na mwisho kabisa wanataka sebene. Sebene inayokwaruza haichezeki. Kila noti inatakiwa isikike peke yake, hata ukiwa unacharaza haraka huku juu kwenye nyuzi nyembamba. Amplifaya ya wati 5 yenye spika ya inchi 8, mfano wa zile Fender Champ za zamani, inakaa safi ukiwa peke yako chumbani. Akiingia mpiga besi na mtu wa ngoma, hata akitumia brashi, utaongeza kidogo tu, na palepale sauti inaanza kupasuka.

Na usiogope kwamba wati 15 zitakufukuzisha kazi. Wati haziendi sambamba na ukubwa wa sauti kama wengi wanavyodhani. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo mteja anayekula hataigundua kirahisi. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takribani nguvu mara 10. Kwa hiyo kutoka wati 5 kwenda 15 ni kama desibeli 5. Zile wati za ziada ni nafasi ya kupumua: unapopiga uzi kwa nguvu ghafla, amplifaya haizidiwi.

Kinachosahaulika ni spika. Nyuma ya spika au kwenye karatasi zake utaona desibeli kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 100 ikipewa wati 5 inasikika sawa na ya desibeli 94 iliyopewa wati 20. Ndiyo maana utakuta kitu kidogo kinatoa sauti kubwa kuliko jirani yake mwenye wati nyingi. Kwa kazi zetu napenda inchi 10 au 12. Inchi 8 hainipi besi ya kutosha kwenye uzi wa sita, hasa tukiwa nje kwenye bustani ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti.

Kwa majina: Fender Blues Junior ina wati 15, valvu mbili za EL84, spika ya inchi 12, na uzito wa kama kilo 14, kwa hiyo unaweza kuishika kwa mkono mmoja ukashuka nayo kwenye daladala. Vox AC15 nayo ni wati 15 na EL84 mbili, sauti yake tamu zaidi kwa masikio yangu, ila hii ya sasa yenye spika moja ya inchi 12 inapita kilo 20. Ukiwa huna usafiri utaichukia. Princeton Reverb ya Fender ni wati 12 hivi, spika ya inchi 10, valvu za 6V6. Kwa rumba sijasikia inayoishinda kwa udogo huo, ila bei yake inahitaji moyo. Na kama kazi yako yote ni sauti safi na mfuko umebana, ya transista, isiyo na valvu, itakufaa, usione aibu. Valvu inakupa kitu kimoja zaidi: ncha ya noti inalainika unapokaza kidole, na unausikia mkono wako mwenyewe.

Ukienda kujaribu, beba gitaa lako, si lile la dukani. Kwanza iwashe bila kuchomeka gitaa, ikae dakika tano, sikiliza mngurumo. Kisha fungua nobu ya sauti polepole kutoka sifuri. Nyingine zimekaa vibaya: kati ya 1 na 2 zinaruka kutoka ukimya hadi kelele, na mgahawani unaishi hapohapo kati ya 1 na 3. Unataka nobu inayopanda taratibu. Gonga kila valvu kwa kalamu ya mbao, kidogo tu. Inayolia kama kengele kwenye spika imechoka. Usiiwashe kamwe spika ikiwa imechomolewa, unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Ndani nako usiingize mkono hata kama imezimwa. Kapasita zake, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti mia tatu na zaidi.

Halafu namna ya kuiweka. Sauti kali za spika hutoka mbele moja kwa moja kama tochi. Ukiiweka chini miguuni, wewe huisikii, unaongeza, na meza iliyo mbele yako inateseka. Hapo ndipo meneja anakuja kuinama sikioni: "Kaka, punguzeni kidogo, wageni wangu hawasikilizani." Ni watu wametoka kushuka mlima, wanataka kusimuliana. Weka amplifaya juu ya kreti la soda nyuma yako, ilalie ukuta kidogo, ielekee sikio lako. Utajipunguza mwenyewe bila kuambiwa. Kwenye kipaimara chenye turubai kubwa na watu mia tatu, amplifaya ileile inatosha: weka maiki mbele ya spika, pembeni kidogo ya katikati, peleka kwenye miksa, mitambo ifanye kazi iliyobaki.

Sasa umeme, ambao video za Wamarekani haziugusi kabisa. Sisi ni volti 230, hezi 50 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Amplifaya aliyokuletea shemeji kutoka Marekani huenda ni ya volti 120, hezi 60. Soma lebo ya nyuma kabla ya kuchomeka. Transfoma ya kushusha umeme inashusha volti tu, hezi haibadilishi, na transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itapata joto kuliko kawaida ikipewa 50. Tafuta ya 230 tangu mwanzo. Nyuzi za ndani ya valvu zinahitaji volti 6.3 zipate joto; umeme ukishuka mpaka 180, zinapata chini ya 5, na ile sauti safi uliyoilipia inapasuka mapema. Stabilaiza ya VA 1000 inatosha, na mimi siendi kazini bila hiyo. Pini ya ethi isikatwe, hata kama soketi ya ukumbi inakusumbua: umeshika nyuzi za gitaa, mdomo uko kwenye maiki, njia ya umeme ni wewe. Na wakikuwekea jenereta, chomeka mbali na waya unaolisha friji.