Usiihukumu Barbera bila sahani mbele yako

Mara ya kwanza kuonja Barbera, mvinyo mwekundu wa zabibu yenye jina hilohilo, niliitema. Nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja mjini Asti, kaskazini mwa Italia, na chupa iliyoachwa na wageni ilikaa karibu na jiko hadi ikawa vuguvugu. Nikanywa tumbo likiwa tupu. Ulimi ulikunjika kama nimelamba ukwaju, nikajisemea kuwa watu wa Piemonte, mkoa wenye mji huo, wamezoea siki.

Jioni hiyohiyo mama mpishi aliniita kwenye meza ya wafanyakazi. Katikati palikuwa na bagna cauda: vitunguu saumu na samaki wadogo wa chumvi waitwao acciughe, vimepikwa polepole ndani ya mafuta ya zeituni hadi vikavurugika vyote. Chungu kidogo cha udongo kimewekwa juu ya mshumaa kisipoe, na kila mtu anachovya chake: pilipili hoho, kabichi, vipande vya cardo, mboga ya jamii ya artichoki. Mafuta yakanienea midomoni, chumvi ikanikaba koo. Ndipo akanimiminia Barbera, safari hii imetoka stoo ya chini, ina ubaridi wake. Funda moja tu mafuta yakaondoka, na mkono ukarudi chunguni wenyewe. Ule uchachu ulionikera mchana ndio uliokuwa ukifanya kazi yote.

Kwa hiyo anayeniuliza humwambia: usiionje Barbera peke yake ukaamua. Inunue, rudi nayo nyumbani, upike.

Zabibu hii ina tabia ya kubaki na uchachu mwingi hata ikiiva kabisa, huku ukakasi wake ukiwa mdogo. Ukakasi ni kile kinachokausha fizi ukila bibo au ndizi mbichi. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, mvinyo mwingine mwekundu wa Piemonte, ina rangi hafifu lakini fizi inazikamata kwelikweli. Barbera ni kinyume chake: rangi ya zambarau iliyokolea, inayoacha doa kwenye kitambaa cha meza, harufu ya cheri chachu na plamu, na kinywani inapita laini. Barolo sheria inaidai miezi 38 kabla haijauzwa. Barbera d'Asti ya kawaida inadaiwa miezi 4. Ni mvinyo wa chakula cha leo, na sioni aibu kusema naupenda zaidi kwa sababu hiyo.

Dukani soma lebo. Barbera d'Asti tu, bila neno jingine, ndiyo ya kuanzia. Yenye neno Superiore imekaa miezi 14, sita kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Nizza, iliyopata hadhi yake ya pekee mwaka 2014, ni Barbera tupu bila mchanganyiko, nzito zaidi. Mapipa madogo ni jambo la juzi. Giacomo Bologna, mtengenezaji mvinyo wa kijiji cha Rocchetta Tanaro, aliweka Barbera ya mwaka 1982 katika mapipa madogo ya mwaloni, akaiita Bricco dell'Uccellone, na watu walioidharau kama kinywaji cha wakulima wakaanza kuitazama upya. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini kwa meza ya kila siku chagua isiyopita kwenye mbao. Ladha ya mbao hufunika matunda, na bei hupanda.

Kuhusu chakula, anza na chenye mafuta au nyanya. Salami, agnolotti, yaani vifuko vya tambi vilivyojazwa nyama, tambi za mchuzi wa nyama. Mchuzi wa nyanya una uchachu wake, na mvinyo usio na uchachu ukikaa karibu nao hupwaya, Barbera haipwayi. Nyumbani kwangu imekubali sana mbavu za mbuzi za kuchoma, zile zenye mafuta yanayochuruzika. Nizza iwekee nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu kwa saa tatu.

Pilipili kali hapana. Niliwahi kununua Nizza ya bei kubwa kwa ajili ya wageni, nikapika kuku wa pilipili kama tulivyozoea. Kilevi cha asilimia 14 kilikutana na pilipili, midomo ikawaka moto, na wageni wote wakaomba maji. Chupa ilibaki nusu na mimi roho iliniuma. Vitamutamu vya mwisho wa mlo pia usiviweke nayo, vinaifanya ionekane chungu.

Na joto, tafadhali. Chupa iliyokaa kwenye kabati la jikoni iingize kwenye friji dakika 20 hadi 30 kabla ya kula, ifike nyuzi 15 au 16 hivi. Ikiwa vuguvugu, kilevi kinatangulia puani na uchachu unakosa mpangilio, kama ilivyonitokea mimi siku ile jikoni.

Ikibaki robo, rudisha kizibo, weka kwenye friji. Kesho yake kaanga kitunguu na mchele kwa siagi, mimina hiyo robo, acha inywewe na mchele kabla hujaanza kuongeza supu. Wali utatoka na rangi ya zambarau. Malizia na jibini iliyokunwa.