Cartagena: mtaa kwanza, chumba pili, hoteli baadaye

Saa tisa usiku, siku yangu ya kwanza Cartagena, nilikuwa nimeketi kitandani, mtandio nimejizungushia masikioni. Glasi ya maji juu ya meza ilikuwa ikitikisika. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baa, na spika zake zilikuwa zimeegemezwa ukuta ule ule uliogusa kitanda changu. Muziki wenyewe niliupenda. Ulikuwa champeta, muziki wa watu weusi wa pwani ile ya Colombia, na gitaa lake linalia kama lingala tuliyokua nayo, kwa sababu mizizi yake kwa kweli ni santuri za Kongo na Afrika Magharibi zilizofika bandarini pale miaka ya 1970. Lakini nilikuwa njiani zaidi ya siku nzima kutoka Mombasa, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 8, na nilichotaka ni usingizi.

Asubuhi kijana wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba chumba changu ni cha mbele, na kwamba nyuma kuna vyumba vitulivu vya bei ile ile. Vyote vilikuwa vimeshachukuliwa. Hakuna aliyenidanganya. Picha zilikuwa za kweli, shuka safi, wageni waliotangulia wameisifu hoteli. Mimi ndiye sikuuliza chumba kinaelekea wapi.

Nimerudi tena tangu hapo, safari ya pili nikiwa na mamangu, na sasa kila rafiki anayepanga kwenda huniuliza nimpe jina la hoteli. Simpi. Namuuliza anataka kuamka asubuhi akiwa mtaa gani, na nani yuko naye. Cartagena ya zamani ni ndogo, unaweza kuivuka kwa miguu kwa chini ya nusu saa, lakini barabara mbili zinazopakana zinaweza kuwa na usiku tofauti kabisa.

Ndani ya kuta za ngome zinazouzunguka mji wa zamani kuna sehemu mbili utakazoziona kwenye kila tangazo: Centro na San Diego. Centro ndipo penye lango la mnara wa saa, kanisa kuu, Plaza de Santo Domingo na mikahawa yake. Ni pazuri mno na ni ghali, na mchana hujaa makundi ya watalii, hasa meli kubwa za abiria zinapotia nanga. San Diego iko upande wa kaskazini wa mji huo huo wa kuta, dakika kumi tu kwa miguu, na jioni inapoa. Bado utasikia mtu akifagia mlangoni pake. Kama unasafiri na mzazi, au na mtoto, au unataka tu kulala, anza kutafuta San Diego. Hapo ndipo nilipompeleka mamangu.

Nje kidogo ya kuta za ndani kuna Getsemaní, na hapo ndipo nilipokesha. Ninaupenda mtaa huu, kwa hiyo niseme vizuri. Zamani waliishi mafundi, mabaharia, watu weusi huru na machotara, na ni watu wa Getsemaní waliotoka mitaani tarehe 11 Novemba 1811 kushinikiza viongozi wa mji watangaze uhuru kutoka Hispania. Jioni wanakusanyika Plaza de la Trinidad mbele ya kanisa la manjano, watoto wanacheza mpira, wazee wanatoa viti nje kama sisi tunavyokaa barazani. Lakini Calle de la Media Luna na Calle del Arsenal ni barabara za baa na disko, na kelele huko hudumu hadi alfajiri. Ukitaka Getsemaní, tafuta nyumba kwenye vichochoro vya ndani, na hata hapo uliza nini kiko mlango wa pili. Ijumaa na Jumamosi zidisha tahadhari mara mbili.

Kuna jambo lingine kuhusu Getsemaní linaloniuma. Familia nyingi zilizoishi pale vizazi na vizazi zimeuza au zimeshindwa kodi, na nyumba zao zimegeuzwa malazi ya wageni. Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu mtanielewa bila maelezo marefu. Sisemi usilale huko. Nasema ukiweza, lala kwa mwenyeji anayeishi pale pale, kula kwa mama anayepika mtaani, na ukirudi usiku usiburute sanduku juu ya mawe huku unaongea kwa sauti, kwani nyuma ya dirisha lile kuna mtu anayewahi kazini.

Bocagrande ni rasi ya maghorofa, mwendo wa dakika kumi kwa teksi. Hoteli kubwa, lifti, bwawa la kuogelea la kweli, bahari mbele. Watu wengi huichagua kwa sababu ya ufuo, kisha wanavunjika moyo: mchanga ni wa kijivu, maji si yale ya buluu ya kwenye picha, na wauzaji wanakufuata hatua kwa hatua. Maji ya buluu yako visiwa vya Rosario, na unayafikia kwa boti kutoka gati la La Bodeguita, karibu na mnara wa saa. Kwa hiyo anayelala ndani ya kuta ndiye aliye karibu zaidi na boti hizo. Tena mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, baadhi ya barabara za Bocagrande hufurika hadi magari yanakwama. Lakini kwa mtu anayehitaji lifti na bafu pana, ndipo mahali pake, na hakuna aibu kuchagua hivyo. Manga ni mtaa wa makazi, umetulia, na bei zake ni nafuu. La Boquilla, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa uwanja wa ndege, ni pa kwenda kula samaki na kuingia kwenye mikoko kwa mtumbwi. Kwa kulala ni mbali kama ulichokifuata ni mji mkongwe.

Ukishapata mtaa, ingia ndani ya nyumba.

Siku tuliyofika safari ya pili, mamangu alisimama mlangoni kabla hata ya kupokewa mzigo, akaweka kiganja ukutani mahali chokaa ilipobanduka. Akapapasa taratibu. "Mwanangu, hili ni jiwe la matumbawe." Na kweli ndilo. Kuta za Cartagena na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba za Mji wa Kale kwetu. Na hata wakati wa ujenzi unakaribiana: mhandisi Mwitaliano Bautista Antonelli alifika Cartagena mwaka 1586 kupanga ngome, na ngome yetu ya Fort Jesus, iliyochorwa na Mwitaliano mwingine, ilianza kujengwa mwaka 1593. Mfalme alikuwa mmoja, Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala na Ureno.

Nayaeleza haya kwa sababu ukijua nyumba ya mawe ya pwani, unajua cha kuuliza. Nyumba hizi zinatazama ndani. Kuna lango kubwa la mbao, kisha ua wenye mimea na mara nyingi bwawa dogo, na vyumba vimeuzunguka. Maana yake vyumba vingi havina dirisha la nje. Wakikuandikia "habitación interior", chumba kinatazama uani, na mara nyingine dirisha pekee ni vibao juu ya mlango. Hicho huwa kitulivu usiku, lakini asubuhi vijiko vya chai vinakuamsha, kwa kuwa meza za staftahi ziko pale pale. "Con balcón" ni roshani juu ya barabara: picha nzuri, na kelele zote za chini ni zako. Mimi sasa huomba chumba cha juu, cha nyuma, chenye dirisha linalofunguka.

Unyevu ni adui wa nyumba hizi. Ukiingia chumbani ukapokewa na harufu ya uvundo, au ukaona rangi imevimba karibu na sakafu, omba kubadilishiwa saa ile ile kabla hujafungua sanduku. Vyumba vya chini vilivyofungwa muda mrefu ndivyo huathirika zaidi. Kiyoyozi kisikose, na kiwe kimya. Joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 karibu mwaka mzima. Maji ya moto, kinyume chake, hoteli nyingi hazina, na wewe hutayahitaji sana, ila kama una mzee uliza.

Kisha ngazi. Kwa kuwa dari ni ndefu, hoteli nyingi zimejenga dari ndogo ya kati na kupandisha kitanda huko, unakipanda kwa ngazi nyembamba za mbao. Kwenye picha hupendeza. Mamangu ana goti baya, na saa nane za usiku mtu anayetaka choo hatazami uzuri. Majengo ya urithi hayabadilishwi ovyo, mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1984, kwa hiyo usitegemee lifti. Ipo katika hoteli chache, hasa zile kubwa zilizokuwa nyumba za watawa, kama Santa Clara ya San Diego, ambayo ilianza kama konventi mwaka 1621. Bei zao si za kila mfuko. Kuingia uani kunywa kahawa na kutazama kunatosha.

Majira nayo yana uzito. Desemba hadi Machi kuna kiangazi na upepo wa bahari unaopoza jioni. Ndio wakati bora na ndio wa bei ya juu kabisa, hasa kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Wiki ya Pasaka ni vivyo hivyo. Oktoba ndiyo yenye mvua nyingi. Siku zinazozunguka tarehe 11 Novemba mji mzima uko kwenye sherehe za uhuru, barabarani kuna ngoma, fataki na povu la kurushiana. Ukienda wakati huo, nenda kwa kukusudia, na weka nafasi mapema.

Kuhusu fedha, mambo mawili. Bei ya chumba hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, lakini sheria ya Colombia inamsamehe mgeni asiyeishi nchini aliyeingia kama mtalii. Uliza kama bei uliyoonyeshwa imeshaihesabu, na ukifika toa pasipoti yenye muhuri wa kuingia. La pili, kila nyumba ya wageni, hata ghorofa linalokodishwa kwenye mtandao, inapaswa kuwa na namba ya usajili wa utalii, wanaiita RNT. Nikiomba namba hiyo wakazungusha maneno, mimi huachana nao. Na kama una mtoto, beba hati zake za kuzaliwa, kwa maana hoteli hukagua kwa makini hati za watoto wanaolala pale ili kuwalinda, na ninawashukuru kwa hilo.

Umeme ni volti 110 na plagi ni za pini mbili bapa, kwa hiyo chukua adapta. Chaja ya simu haitasumbua, ila birika la kutoka nyumbani litachemka kwa taabu.

Kabla ya safari ya pili niliandikia hoteli tatu za San Diego ujumbe ule ule wa Kihispania: chumba kiko ghorofa gani, ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi kitandani, dirisha linaelekea wapi, mlango wa pili kuna nini. Moja haikujibu. Moja ilijibu kwa kunitumia picha zile zile za tangazo. Ya tatu, mwenye nyumba aliwasha simu yake akatembea kutoka langoni, akapita uani, akaingia chumbani, akafungua dirisha na kukaa kimya ili nisikie. Nilisikia feni, ndege, na mbali kidogo mwanamke mchuuzi akitangaza "¡Alegría!"

Nilikuja kumwona mwanamke huyo, au mwenzake, asubuhi ya pili. Wengi wa akina mama hao wanatoka San Basilio de Palenque, kilomita kama 50 kutoka mjini, kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, ambako hadi leo lugha yao ina maneno ya Kikongo na ng'ombe anaitwa ngombe. Alegría ni vidonge vya mtama, nazi na sukari guru. Mamangu alikaa kwenye kizingiti, ngazi mbili tu kutoka chumbani kwake, akauma kimoja, akakitazama kwa muda. "Hii ni kashata," akasema, na akanunua sita.