Maswali ya Wawindaji: Kumwita Ayala kwa Pembe na Filimbi

Tangu theluji ya kwanza ianguke huku milimani Colorado, simu yangu haipumziki. Wengi mnaoniandikia mmepata kibali cha kuwinda kwa mara ya kwanza, na karibu wote mmeona zile video za jamaa wa Texas anayegonganisha pembe kichakani kuiga madume wanaopigana, dume likatokea mbio kama limesikia ngoma ya harusi. Nimechagua maswali sita. Mnyama mwenyewe, yule Waingereza wanayemwita deer, nitamwita ayala, jina lililomo kwenye Zaburi, maana paa na kulungu wa kwetu ni wa ukoo mwingine kabisa. Wa kwenye video ni ayala mwenye mkia mweupe. Tunayemfuata sisi huku magharibi ni yule mwenye masikio makubwa kama ya punda, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

*Shikamoo mzee. Nimegonganisha pembe asubuhi tatu mfululizo mwezi wa Oktoba, hajaja hata mmoja. Nakosea wapi? (Msomaji, Grand Junction)*

Marahaba. Mikono yako haina kosa. Umekosea mwezi, na kidogo umekosea mnyama.

Oktoba dume la ayala wetu bado linawaza kula na kujificha. Kupandana hupamba moto katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Hapo dume huacha tahadhari zake, huzunguka kutoka kundi moja la majike hadi jingine, akinusa nani yuko tayari. Akimpata, humganda huyo mmoja mpaka shughuli iishe, kisha huyoo, safari tena.

Sasa jiweke mahali pake. Una jike mbele yako, unasikia wengine wanapigana bonde la pili. Utaondoka? Haondoki. Ndiyo maana wanaoitika pembe mara nyingi ni vijana wasio na mke wala nafasi, au dume kubwa lililosikia likiwa njiani, kati ya kundi na kundi. Yule wa mkia mweupe huishi vichakani, haoni mbali, kwa hiyo akisikia vurugu inabidi aje aone kwa macho. Wetu anaishi kwenye uwazi. Anaweza kusimama mlimani kilomita nzima akakagua bonde lote, asione ayala hata mmoja pale sauti ilipotoka, akaendelea na yake.

Kwa hiyo ugali wako ni darubini: tafuta majike, kaa nao, subiri. Pembe ni chumvi. Na kwa Colorado, kibali kinachoangukia ndani ya kupandana hasa ni cha msimu wa nne wa bunduki, ambacho ni kichache na kinagombewa miaka. Kama chako ni cha Oktoba, acha pembe nyumbani upunguze mzigo.

*Basi nikipata kibali cha Novemba, nagonganisha vipi? Kwa nguvu au taratibu? (Msomaji, Denver)*

Anza taratibu, maana huenda yupo mita sitini nyuma ya mti na kishindo kitamtoa roho. Sekunde ishirini hivi, pembe zikisuguana tu. Nyamaza dakika chache. Kisha pigana kweli: zigonge, zizungushe, kwaruza matawi, piga kisigino chini, sukuma jiwe liporomoke. Vita vya madume si mlio wa mifupa pekee, ni wanyama wazito wanaosukumana kwenye kokoto. Utafiti uliofanywa kusini mwa Texas miaka ya 1990 ulikuta kwamba kelele kubwa ilivuta madume wengi kuliko ndogo. Wale walikuwa wa mkia mweupe, lakini nilivyoona mimi, hata wetu, yule wa kuja huja kwa fujo.

Baada ya hapo kaa. Nusu saa, si dakika tano. Na ukae ukingoni, pale mireteni inapokutana na vile vichaka vya kijivu vinavyonuka kama pakanga (ni ndugu wa pakanga kweli), ili alazimike kusogea ndipo aone.

Upepo sasa. Mwaka wangu wa pili nilipanga kila kitu vizuri, nikagonganisha, nikaweka macho mbele kwenye uwazi. Dume lilikuja. Lilinizunguka likapita nyuma yangu, upande ambao upepo ulikuwa unapeleka jasho langu, likakoroma mara moja kama mzee aliyetukanwa, nikageuka nikaona makalio meupe yakidunda kuteremka bonde, miguu minne ikigusa chini kwa pamoja. Ayala akiitwa hupenda kuzunguka aje kwa pua. Siku hizi upande huo ndio ninaoutazama kwanza. Kumbuka pia hewa ya milimani hushuka asubuhi kungali baridi, na jua likishachoma hupanda. Ukikaa chini ya kilima saa moja asubuhi na ukabaki hapo hapo hadi saa nne, umejiuza.

*Jambo papa. Mimi ni Mkongomani, niko Boise. Kwenye duka kuna filimbi za kila aina. Ninunue ipi? Na naweza kutumia sauti za kwenye simu? (Msomaji, Idaho)*

Jambo sana. La simu kwanza: hapana. Idaho hairuhusu milio ya kielektroniki kwa ayala, na majimbo mengine yana makatazo yake. Kijitabu cha kanuni ni bure, kisome kabla ya kitu chochote.

Filimbi, nunua moja tu yenye mlio wa jike, ule wa puani, mfupi, kama mwanambuzi aliyechoka. Mguno wa dume unasaidia wakati wa kupandana, lakini ayala wetu si wasemaji, na wageni wengi huupuliza kama honi ya daladala.

Filimbi yenye kilio cha mtoto wa ayala aliyekamatwa ni habari nyingine. Majike wa huku hawavumilii kabisa. Mtafiti Susan Lingle, aliyewafuatilia miaka mingi huko Alberta, Kanada, aliona jike akimkabili koyote, mbwa mwitu mdogo wa huku, kumtetea mtoto asiye wake, hata wa ayala wa mkia mweupe. Mwaka 2014 yeye na Tobias Riede walichapisha matokeo ya kuwachezea majike vilio vya watoto wa wanyama wengine, akiwemo wa binadamu, na bado wakaja mbio. Kwa hiyo ukipuliza utapata majike, na Novemba huenda dume likawa nyuma yao. Utapata pia koyote, na pengine dubu au simba wa milimani, yaani puma. Mimi siutumii. Kuna kitu ndani yangu kinakataa kumhadaa mama kwa kilio cha mtoto, lakini sikukatazi.

Kazi bora ya filimbi ni ndogo zaidi: dume linatembea, hutaki kupiga shabaha inayosogea. Lia mara moja, laini. Litasimama ligeuze masikio. Una sekunde mbili tatu.

*Mke wangu anasema nikigonganisha pembe najigeuza ayala mbele ya watu wenye bunduki. Nimwambieje? (Msomaji, Salt Lake City)*

Mwambie asante. Ana akili kuliko wengi ninaokutana nao porini.

Egemea mti mnene au mwamba uliokuzidi kimo, mgongo ukiwa umefunikwa. Pembe zifunge kitambaa cha rangi ya chungwa kali, ukiwa unazibeba na ukizitumia, na usizinyanyue juu ya kichwa. Colorado, msimu wa bunduki, sheria inadai chungwa au pinki ya kung'aa isiyopungua inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia. Pale jimbo lisipodai, vaa vilevile. Ukimwona mwindaji anakuja, usipunge mkono, usipige mluzi. Sema kwa sauti ya mtu: "Niko hapa!" Kwenye ardhi ya umma wikiendi ya kwanza ya msimu, sigonganishi kabisa.

*Nyama yake ni halali? (Msomaji, Seattle)*

Mimi hupiga Bismillahi kabla ya kufyatua, na nikimkuta angali hai namchinja. Kuhusu risasi wanazuoni wametofautiana. Muulize sheikh wako kabla ya safari, si baada.

*Huku kwetu nyumbani mbinu hii ingefanya kazi kwa swala au tandala? (Msomaji, Arusha)*

Kwanza usijaribu bila leseni. Tanzania uwindaji una sheria yake ya 2009, na majirani zenu Kenya waliufunga tangu 1977.

Pembe za ayala ni mfupa mtupu. Huota kila mwaka, hudondoka baada ya kupandana, na ndiyo maana watu huokota za kugonganisha bila kuua. Swala hatupi zake hadi afe. Ila kuita mnyama kwa sauti mlikujua kabla ya hawa Wamarekani: pembezoni mwa Ziwa Eyasi Wahadza humpigia mluzi ndege wa asali, naye huja, akatangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mimi na pembe zangu za dukani sijawahi kujibiwa vizuri hivyo.